Maneno ya Mama Niliyoyabeba Kutoka Mwaloni

Ndugu wasomaji, kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba na kalamu naishika mara chache, kwa hiyo naandika polepole na herufi nyingine huenda zimeruka. Atakayeipokea barua hii anirekebishie maneno. Ila kosa lenyewe asilipunguze. Hilo ni langu lote.

Nilimkosea mama yangu mzazi. Nilimkosea na mtu mwingine asiye na hatia, huyo nitamfikia.

Sisi ni watu wa Ujiji. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Mwaka juzi alitoka na wenzake, upepo ukawakuta katikati ya ziwa, mtumbwi ukapinduka. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi, wala hatukupata mwili wa kuzika.

Msibani mama hakulia sana, watu wakamsifu kwa subira. Baadaye ndipo nikaona. Alikuwa halali. Anawasha moto, anasahau kuinjika sufuria. Unamwita, hasikii. Anashika kifua anasema moyo unakimbia. Majirani wengine walisema amerogwa, wengine waliniambia waziwazi kwamba mama yako anaelekea kuchanganyikiwa. Kaka zangu wako mbali na maisha yao, nyumbani nilibaki mimi tu, msichana nisiyejua hata kumjibu mtu.

Aliyetusaidia ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu, nitamwita Dada Yasinta. Alitupeleka kituo cha afya, mama akapewa vidonge. Tulipotoka Dada Yasinta akaniambia, "Mdogo wangu, vidonge vitamsaidia alale. Lakini akiamka lazima awe na kazi ya mikono na watu wa kusema nao. Kimoja kikikosekana, hivi vingine vinalegea."

Akamwingiza kwenye kikundi cha wanawake wenye shida kama yake. Wanaanika dagaa pamoja mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, na huku wanaanika, wanazungumza. Kila mmoja anatakiwa awe na mtu wa nyumbani wa kumsindikiza na kumkumbusha dawa. Mama alinichagua mimi.

"Huyu hana maneno," aliwaambia wenzake.

Palikuwa na mama mmoja mwenye asili ya ng'ambo, Kongo, anaitwa Mama Zabibu. Sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Alicheka. "Huyo? Huyo hata ukimkanyaga mguu, atakuomba radhi yeye."

Wote walicheka, na mimi nikaangalia chini. Lakini moyoni nilifurahi kuaminiwa.

Wale wanawake walikuwa na desturi yao. Kazi ikiisha, kila mmoja anaingia ziwani mpaka vifundoni, ananawa harufu ya dagaa mikononi. Mama Zabibu anasema, "Yaliyosemwa hapa yamebaki hapa." Haondoki mtu mpaka wote wamenawa. Na mimi nilinawa. Kila siku nilinawa pamoja nao.

Siku moja, mama alikuwa anageuza dagaa juu ya kichanja, akaanza kusema bila kuulizwa. Alisema siku ile baba alikuwa na homa. Alitaka kulala. Mama akamwambia, "Wenzako wako mwaloni wanapakia taa za kuvulia, wewe umejifunika kama mwali." Baba aliamka. Alivaa sweta lake akatoka. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho.

Hata mimi nilikuwa siyajui. Nilidhani wanawake watashtuka, lakini mikono yao iliendelea na kazi. Mama Zabibu ndiye aliyesema, safari hii kwa sauti ya chini, "Shoga, mimi wangu nimemwambia mabaya kuliko hayo, tena mara nyingi. Ila yeye alirudi. Mimi na wewe tofauti yetu ni upepo."

Mama alilia pale, kilio ambacho hakulia msibani. Kuanzia hapo nilianza kumwona akirudi. Akawa analala. Asubuhi nasikia anafagia. Akapika ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, akaniuliza kama chumvi imetosha. Nyie, kuulizwa habari ya chumvi tu, nilitaka kulia!

Sasa kosa langu.

Dada yake baba, shangazi yangu, ana kibanda soko la Mwanga, si mbali na kwetu. Nilikuwa nampelekea dagaa zetu. Shangazi alinipenda. Ananinunulia chai na sambusa, ananikalisha nyuma ya kibanda, ananisuka. Ndiye mtu pekee aliyekuwa ananiuliza kitu halafu anangoja mpaka nimalize kujibu. Mtu asiyeona aibu kusema hawezi kujua jambo hilo lina utamu gani.

Siku hiyo aliniuliza, "Mama yako vipi?"

"Anaendelea vizuri, shangazi."

"Nasikia anacheka huko mwaloni na wanawake. Mwaka haujatimia kaka yangu amepotea, yeye anacheka. Moyo huo ameununua wapi?"

Niliumia. Nilitaka ajue kwamba mama hajasahau, mama ameteseka. Niliona nikimweleza alivyokuwa anajilaumu, atamwonea huruma. Basi nikamweleza. Homa ya baba, maneno ya mama, sweta, yote. Katika maisha yangu sijawahi kuzungumza mfululizo kiasi kile.

Mikono ya shangazi ilisimama kichwani kwangu. Halafu akaendelea kusuka, akawa anakaza mpaka machozi yakanitoka.

"Umefanya vizuri kuniambia, mwanangu," akasema.

Nilirudi Ujiji nimefurahi. Nilijiona nimemtetea mama yangu.

Baba alipotimiza mwaka tulisoma hitima nyumbani. Wanawake wa mwaloni walikuja kusaidia kupika. Baada ya dua, mama alichukua birika akaanza kuwamiminia wageni chai. Alipofika kwa shangazi, shangazi alifunika kikombe kwa kiganja.

"Usinimiminie, wifi. Kaka yangu alikuwa na homa. Wewe ndiye uliyemsimanga kitandani mpaka akaenda kufa. Chai ya mkono huo mimi sinywi."

Mama alisimama na birika lake. Kisha akawageukia wanawake wa mwaloni, akawatazama mmoja mmoja, macho yakaishia kwa Mama Zabibu.

Mimi hakunitazama kabisa. Nilikuwa nimesimama karibu yake na sinia la maandazi, na hata haikumjia akilini kunitazama.

"Shoga, si mimi," Mama Zabibu akasema. "Wallahi si mimi."

"Kwani hapa nani mwingine ana mdomo kama wako?" mwenzao mmoja akamjibu.

Jibu nilikuwa nalo mimi. Niliendelea kugawa maandazi.

Kikundi kilikufa baada ya hapo. Kila mwanamke akaanika dagaa zake peke yake. Dada Yasinta alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba warudi, wakamwambia, "Twende tukaseme nini, ili tukayasikie sokoni?" Palikuwa na dada mmoja aliyefiwa na mtoto, ndio kwanza alikuwa ameanza kuinua uso. Huyo alijifungia ndani tena. Mama Zabibu akawa anaitwa redio. Akipita, watu wananyamaza.

Na mama akaacha dawa. Nampa maji, anashika kidonge, anakitazama, anakirudisha kwenye pakiti. "Kesho," anasema. Usingizi ukakimbia tena. Moto ukawa unawaka bila sufuria. Na mimi niliyekuwa nimewekwa nimkumbushe, nilikuwa sithubutu kumtazama.

Mchana mmoja, ulikuwa wakati wa mbalamwezi ambapo dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika na mitumbwi yote imevutwa juu, sikumwona mama nyumbani. Nikakimbilia mwaloni. Alikuwa amesimama ndani ya maji na nguo zake zote, maji yamemfika kiunoni, ametazama upande wa Kongo.

Mama Zabibu alikuwa pembeni anaosha masufuria peke yake, kama alivyokuwa amezoeshwa. Aliyaacha akaingia majini moja kwa moja.

"Shoga, maji ya leo yana baridi, na kitenge changu hiki ni kipya. Kikichuja rangi, kesi ni yako."

"Niache," mama alisema.

"Sikuachi. Unataka kunitukana, nitukane, lakini tukiwa nchi kavu."

Alimshika mkono, wakatoka taratibu mpaka mchangani. Yule ambaye mama alimnyima hata salamu miezi yote ile!

Hapo nilipiga magoti. Nikasema, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia shangazi. Mama Zabibu hakusema kitu."

Mama alinitazama sana. "Wewe?" Neno hilo tu.

Mama Zabibu alikaa chini na kitenge chake kinachochuruzika maji. "Kumbe," akasema. "Matusi yote niliyokula, kumbe ni ya mtoto asiyejua kusema." Akakamua pindo la kitenge. "Umeniumiza, mwanangu. Lakini kimbia kalete kanga kavu, mama yako anatetemeka."

Dada Yasinta aliitwa siku hiyohiyo, akatupeleka kituo cha afya. Baadaye alinipitisha kwa kila mwanamke wa kikundi nikiri kwa mdomo wangu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Mama Zabibu aliombwa radhi na wengi. Baadhi yao walirudi kwenye kikundi, wengine hawakurudi. Yule dada aliyefiwa na mtoto nilikuta nyumba imefungwa, walishampeleka kwa ndugu zake kijijini Kalinzi. Yeye sijamfikia mpaka leo, na sijui hali yake.

Mama anameza dawa zake na analala. Anayemsindikiza sasa ni Mama Zabibu. Mimi nabeba beseni mpaka kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, hapo nasimama. Nawaona wakigeuza dagaa. Nasikia wanacheka, maneno siyasikii. Nyumbani mama ananiita vizuri, ananipa chakula, hajanifukuza wala kunitukana. Ila akiwa anaongea na mtu na mimi nikaingia, anakatisha.

Wewe unayemsindikiza mgonjwa wako, nakuomba, usiyabebe maneno yake kwenda nayo popote, hata kwa ndugu, hata kama unadhani unamtetea. Mimi nilikuwa na nia nzuri. Na kama umeshayatoa, usimwache mwingine alaumiwe huku umeshika sinia. Sema siku hiyohiyo. Ningesema siku ya hitima, mama asingeingia majini na nguo zake.

Nina ombi moja kwenu. Kama yupo kati yenu aliyewahi kupoteza imani ya mzazi wake kisha akairudisha, aandike hapa, anieleze alianzia wapi. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitasoma zote. Leo wanaanika, na beseni linanisubiri mlangoni.