Mama Alipoanza Kuniambia "Ninyi"

Nyumba yangu ya mjini, Katandala, nimeijenga mwenyewe, bila mkopo wa benki wala msaada wa mjomba. Nilitoka kijijini kwetu Kate na begi moja, nikasoma Dar es Salaam mpaka nikapata stashahada ya ugavi, nikarudi kufanya kazi ya kutoa mizigo mpakani Kasesya. Cheti kiko sebuleni, kwenye fremu. Wengi niliosoma nao bado wanapanga vyumba. Kwa hiyo baba alipofariki, sikuona mwingine wa kumchukua mama isipokuwa mimi.

Mwanzoni alikaa vizuri. Alinigombeza kama zamani: "Wewe, mbona unakula umesimama? Nani anakufukuza?"

Mvua zilipokaribia kuisha, nilirudi kutoka Kasesya nikakuta ameugeuza uwanja wa mbele. Alikuwa amefyeka majani, akayafukia na kuinua ntumba, vile vilima vya mviringo tunavyolimia Ufipa, majani yakaoze humo ndani yawe mbolea. Juu alishapanda maharage. Msimu unaofuata angevitawanya apande ulezi.

Mimi nilishaagiza pavingi, vile vitofali vya kutandaza chini, nipate pa kuegesha gari. Nikamwambia, "Mama, habari za kulima zimekwisha. Wewe pumzika." Mafundi wakasawazisha uwanja siku hiyo hiyo.

Asubuhi yake mama aliniuliza, "Mmeamkaje?" Nikageuka kumtafuta mtu wa pili. Hayupo.

"Mtakunywa chai?"

Nilifurahi. Kwenye Kifipa, kama kwenye Kibemba cha madereva ninaowahudumia mpakani, mtu mmoja akiheshimiwa huambiwa "ninyi". Kiswahili cha Dar hakina habari hiyo. Kule bosi ni wewe na muuza karanga ni wewe, heshima unaiweka kwenye shikamoo na kwenye naomba. Mama alikuwa anatia adabu ya Kifipa ndani ya Kiswahili, nami nikajiona nimepanda cheo. Hata wageni niliwasimulia.

Dada yangu mdogo alipokuja kututembelea kutoka Kate, alitusikiliza mlo mmoja tu, akaangua kicheko.

"Kaka, umeoa kwetu lini?"

"Una maana gani?"

"Mama anakuongelesha kama mkwe! Mimi ananiambia wewe, tena wewe mjinga."

Sikucheka. "Ninyi" ile inayompandisha mtu ndiyo hiyo hiyo inayomweka mbali. Mkwe hagombezwi. Mkwe haulizwi kwa nini amevunja kitu chake ndani ya nyumba yake. Nikakumbuka kwamba tangu pavingi ziwekwe, mama hakuwa amenigombeza hata mara moja, na mimi nilidhani amezeeka kwa amani.

Dada alipoondoka, mama aliondoka naye. Mkoba ulikuwa tayari mlangoni. "Nakwenda kuwaangalia kuku," alisema. "Mtanisamehe."

Nimemfuata Kate mara nyingi tangu hapo. Nimemwambia pavingi naweza kuzing'oa, hela ninayo, na ntumba nitaziinua kwa mikono yangu mwenyewe. "Msijisumbue," hunijibu, kwa upole kabisa. Ingekuwa matusi ningejua pa kuanzia.

Safari hii nilimkuta shambani na dada, wanafukia majani. Nikavua viatu, nikachukua jembe la dada.

"Mtachafuka," mama akasema. Akaniletea kigoda, akakifuta kwa ncha ya kanga. Dada akanyoosha mkono kudai jembe lake. Nikakaa, suruali nimeikunja mpaka magotini, sina kazi.

Mbuzi wa jirani akaingia kwenye maharage. Mama akamrushia bonge la udongo.

"Toka, wewe! Huna akili? Kila siku nakwambia!"

Nilimwonea wivu mbuzi yule. Mama akajikung'uta mikono, akaniangalia pale kwenye kigoda, kisha akamtuma dada nyumbani akakamate kuku wa mgeni.