Kipande Kimoja cha Doti

Juzi nilidondosha mfuniko wa sufuria jikoni kwangu hapa Hagsätra, kitongoji cha Stockholm. Ukalia, ukazunguka sakafuni mpaka ukachoka wenyewe. Mjukuu wangu akaniuliza kwa Kiswidi kama nimeumia. Sikuumia, mwenzangu. Nilikuwa nimerudi miaka ya sabini, jioni ile mama alipopiga kigelegele mbele ya Waswidi.

Baba alikuja Stockholm kusomea ufundi, nasi tukamfuata kutoka Tanga. Mama baridi ilimshinda. Alikuwa akimaliza kupika anakaa dirishani, kimya, yeye ambaye nyumbani harusi haikunoga bila yeye! Theluji ilipoanza kuyeyuka alikuwa amekwisha kufunga sanduku. Tungerudi mimi na yeye, baba abaki. Kila nilipoliona lile sanduku kando ya mlango nililia.

Ndipo mwalimu wangu alipotupa tiketi za kutazama wachezaji ngoma kutoka Bali, kisiwa cha mashariki ya mbali, waliokuwa wakizunguka nchi za Ulaya. Mama alikwenda kwa adabu tu, kajitanda kanga juu ya koti. Muziki ulipoanza akanibana mkono.

"Upatu huo! Sikia, upatu!"

Kweli, jukwaani kulikuwa na safu za patu za shaba, kubwa na ndogo, na ngoma zikizijibu. Akatoka binti mwenye taji la maua, magoti kayakunja, vidole vinatetemeka, macho anayarusha huku na huku. Nilimpenda pale pale. Lakini ukumbi ulikuwa kimya, ungedhani tuko matangani.

"Mcheza kwao hutuzwa," mama akamwambia baba. "Hawa wako mbali na kwao. Nani atawatuza?"

Kabla baba hajajibu, mama keshafika jukwaani. Akapiga kigelegele, akavua kanga yake akamvika yule binti mabegani, kama tufanyavyo kwetu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Binti hakukosea hata hatua. Alimgeuzia mama macho, akatabasamu, akaendelea kucheza na kanga yake mpaka mwisho. Mwalimu wangu akaanza kupiga makofi, ukumbi mzima ukamfuata.

Ndani ya treni mama aliimba njia nzima, na baba, mtu wa haya, akamwitikia. Asubuhi nilikuta sanduku liko juu ya kabati, tupu. Kiangazi kilipofika sebule yetu ilijaa akina mama wa Tanzania na Uganda, wakipiga sinia badala ya upatu, na jirani yetu Mswidi akaja kuuliza kama naye anaruhusiwa kucheza.

Ukumbi ule umevunjwa. Mama ametutoka, na wale wenzake wamebaki wa kuhesabika. Nawakumbuka sana. Basi nikaokota mfuniko, nikampa mjukuu pamoja na mwiko apige, nami nikatoa kabatini kanga ya mama iliyobaki, nikajifunga kiunoni. Akapiga vizuri, shetani yule! Nilipochoka akaniuliza, safari hii kwa Kiswahili, mbona kanga ni moja.

"Ya pili ilikwenda Bali," nikamwambia. "Ilipokwenda, mama yangu akabaki."