Injini Niliyoisingizia

Ingia gereji yoyote ya Isiolo leo uulize kuhusu injini ya D4. Fundi atasonya kwanza. Kisha atakuambia kwamba hiyo ni takataka, kwamba Wajapani waliitengeneza kwa ajili ya barabara zao na petroli yao, na kwamba kuna mama mmoja wa maziwa hapa mjini aliwahi kuinunua ikamfilisi. Hadithi hiyo ya mama wa maziwa niliianzisha mimi. Ni uongo. Nilijua ni uongo nilipokuwa nikiisema. Kila ninapoisikia ikirudiwa na watu ambao hata hawakuwapo, damu hunichemka, halafu nakumbuka mtu wa kumkasirikia ni nani.

Injini hiyo ina ndugu zake. Sisi mafundi tuliuita ukoo wa S, kwa sababu ya herufi iliyopigwa kwenye chuma chake. Kulikuwa na 4S, mdogo. Kulikuwa na 5S, mkubwa wa mwili. Kulikuwa na wale wa magari ya mbio, ambao huku kwetu tuliwaona mara mbili tatu tu. Katikati alikaa 3S wa lita mbili, na huyo nilimjua kuliko nilivyowajua watoto wangu. Wateja wangu wafugaji humtambua ng'ombe kwa mama yake na bibi yake, wakakuambia mapema atakuwa na maziwa ya namna gani na hasira ya namna gani. Nami nikajifunza kusema hivyo hivyo kuhusu injini: nionyeshe ukoo, nitakuambia tabia.

Tabia ya 3S wa kawaida ilikuwa upole. Mkanda wa taiming, ule unaozifungua na kuzifunga valvu kwa zamu, ukikatika, gari linazima tu. Valvu na pistoni zimeachiwa nafasi, hazigongani. Unalivuta gari hadi gereji, unafunga mkanda mpya, linawaka. Kwa sababu ya upole huo tulizoea uvivu. Hakuna fundi Isiolo aliyebadilisha mkanda ambao haujakatika. Tulingoja ukatike. Mteja aliyeuliza tulimwona mjinga.

Serikali ya kaunti ilipokuja, mji ulijaa magari madogo. Waliopata kazi za kaunti, waliopata tenda, na hata waliokuwa wakitarajia tu kupata, walishuka Mombasa wakarudi na magari yaliyotumika Japani. Ndani ya baadhi ya magari hayo alikuwamo ndugu mpya wa 3S, yule wa D4. Chuma cha chini kilikuwa kile kile. Kichwa kilikuwa kingine: petroli ilirushwa moja kwa moja ndani ya silinda, na pistoni zilichongwa kwa namna ambayo haikuziachia valvu nafasi. Fundi mmoja kijana aliyekuwa amefanya kazi Nairobi alinionya.

"Mzee, hiyo ya D4 haisamehi. Mkanda ikikatika, valvu zote zinagongwa zinalala."

"Umekaa Nairobi miezi sita umerudi profesa?" nilimwambia, na gereji nzima ikacheka. Nilisoma kemia na fizikia hadi kidato cha nne. Nilikuwa na uwezo wa kuelewa alichokuwa anasema. Nilichagua kicheko.

Mama ninayemsema alikuwa mjumbe wa chama cha akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Maziwa hayo hutoka kwa wafugaji wa upande wa Kulamawe, yakiwa kwenye mitungi ya plastiki ya manjano, kila mtungi umefungwa kitambaa cha rangi ya mwenyewe ili usipotee. Yakifika mjini hupimwa, kisha hupakiwa kwenye basi la Nairobi. Basi halimngojei mtu, na jua letu pia halingojei. Zamani mitungi ilipanda lori lolote lililopita, na siku nyingine lori halikupita. Mama huyu aliuza ngamia wake akanunua gari dogo lenye nafasi nyuma, na chama kikampa kazi ya kubeba maziwa ya wote. Hakuwa tena mwuzaji mmoja kati ya wauzaji. Alikuwa mtu ambaye asubuhi ya akina mama thelathini ilimtegemea.

Gari lilipofika kwangu mara ya kwanza nililifanyia kama nilivyoyafanyia magari yote mapya. Niling'oa kifuniko cha plastiki cha juu ya injini, kwa sababu tulisema kinazuia hewa. Nikatoa thermostati, kile kidude cha kudhibiti joto la injini, kwa sababu tulisema ni kitu cha nchi za baridi. Kifuniko kile kilikuwa kimeandikwa D4 kwa herufi kubwa kama za bango. Nilikitupa nyuma ya choo. Mwenye gari alikuwa amesimama karibu, akitazama kila kitu, na aliona karatasi ndogo iliyobandikwa pembeni mwa mkanda, yenye maandishi ya Kijapani na tarakimu.

"Fundi, hii namba inasema nini?"

"Hiyo ni mambo ya Japani, mama."

"Mbona inafanana na ile ya kilomita kwa dashibodi?"

Nilifunga boneti. Baada ya wiki moja alirudi akiwa na boksi mkononi.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam. Umetuletea nini leo?"

"Mkanda. Mtu wa spea Nairobi nimemtumia picha ya ile karatasi. Amesema hiyo ni kilomita ya siku mkanda ilibadilishwa. Amesema imepita kitambo, na hii injini haitaki mchezo."

Siku hiyo gari la mkubwa mmoja wa kaunti lilikuwa limeegeshwa langoni mwangu. Halikuwa na tatizo kubwa, lilitaka oili tu. Lakini nilitaka wapita njia wanione nimeinama juu ya gari lile. Kazi ya mkanda ingenimeza mchana wote nikiwa chini ya gari la mwuza maziwa. Hiyo ndiyo sababu. Nimeitafuta nyingine kwa miaka mingi, iliyo bora kidogo, na sijaipata.

"Mama," nilisema kwa sauti ili wote wasikie, "wewe chunga maziwa, mimi nichunge injini. Mkanda ya 3S haibadilishwi ikiwa nzima. Ikikatika, nipigie simu, nusu siku umeondoka."

"Na maziwa?"

"Maziwa itangoja hiyo nusu siku."

"Maziwa haingoji, fundi."

Watu walicheka, walimcheka yeye. Aliliweka mwenyewe boksi kwenye rafu yangu, akaondoka.

Mkanda ulikatika kabla ya miezi miwili kwisha, saa tatu asubuhi, njiani kutoka Kulamawe. Nilimkuta kando ya barabara. Mitungi alikuwa ameishusha peke yake hadi chini ya mgunga, akaifunika magunia aliyoyalowesha kwa maji yake ya kunywa. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alisema tu, "Ulisema nusu siku. Anza kuhesabu."

Tulilivuta gari hadi mjini. Basi lilikuwa limeondoka. Nilichukua mkanda ule ule aliouleta, nikaufunga, nikazungusha ufunguo. Injini iliyo nzima ikiwashwa husikika ikijikaza kabla ya kuwaka. Hii ilizunguka laini kama cherehani, haikubana hewa. Kila fundi pale alijua maana ya sauti ile. Yule kijana aliyetoka Nairobi alinitazama mara moja, akarudi kwenye kazi yake. Nilipofungua kichwa, valvu zilikuwa zimepinda kama misumari iliyokosewa na nyundo.

Sasa nasema jambo ambalo ni baya kuliko mkanda. Injini ile ingeweza kupona. Valvu zilipatikana Nairobi, na kazi ilikuwa ya wiki moja, mbili kwa mtu mwangalifu. Lakini kuitengeneza kungehitaji nieleze kilichoivunja, na kilichoivunja ni mimi. Basi nikasema imekufa.

Chama kilikutana uani kwao, pale wanapopimia maziwa. Akina mama waliopoteza maziwa ya siku ile walitaka kujua kama gari litarudi barabarani au watafute jingine. Waliniita kama shahidi. Niliketi kwenye kiti cha plastiki, nikapewa chai, nikaulizwa gari lina nini.

"Gari ni bovu tangu Japani," nilisema. "Hii inaitwa D4. Ni injini mbaya, haifai huku. Aliyenunua hakuuliza watu wanaojua."

Mafundi wawili waliofuatana nami walitikisa vichwa kuniunga mkono. Mmoja akaongeza, "Hata bure mimi siwezi chukua D4." Walifanya hivyo kwa sababu ndivyo tulivyolindana. Gari likitushinda, ni bovu. Likitengenezeka, sisi ni hodari. Gari halina mdomo wa kujitetea, na nimeona ufundi wetu wote ukijengwa juu ya jambo hilo dogo.

Mwenye gari aliuliza swali moja tu.

"Fundi, ule mkanda nilikuletea, kama ungeufunga siku ile, gari ingekufa?"

Akina mama wote walinigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kujibu. Nilikunywa chai kidogo.

"Ingekufa tu," nikasema. "Hiyo injini ilikuwa ya kufa."

Kazi ya kubeba maziwa ilipewa mwanamume mwenye pikapu. Gari la yule mama lilikaa uani kwangu msimu mmoja wa mvua, kisha akaja mtu wa vyuma akalinunua kwa ajili ya kulikatakata. Yeye alirudi kuuza maziwa kwa kikombe sokoni. Mjini ukawa msemo. Mtu akitaka kununua kitu bila ushauri, huambiwa, "Utanunua kama gari ya yule mama." Niliusikia msemo huo hotelini, msikitini nilipokwenda kwenye mazishi ya rafiki, hata kwenye foleni ya ofisi za kaunti. Watu waliousema walikuwa wakitabasamu. Wengine walinigeukia mimi, fundi mzee, niuthibitishe. Nami niliuthibitisha. Miaka inapita, unatikisa kichwa, unaondoka.

Nilifunga gereji macho yalipoanza kunisumbua. Mwaka jana nilikwenda sokoni kununua maziwa, nikajikuta mbele yake. Amezeeka vizuri kuliko mimi. Nilitaka kumwomba msamaha hapo hapo, kikombe kikiwa mkononi, nirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilianza.

"Mama, ile gari yako..."

"Naijua gari yangu," akanikata. "Nilijua siku ile ile. Yule kijana wa Nairobi aliniambia kabla hata hujafungua kichwa."

"Mbona hukusema?"

"Nani angesikia? Mwenye maziwa na fundi, nani anajua injini? Si wewe ulisema nichunge maziwa?"

Alimhudumia mteja mwingine, kisha akanirudia bila kuniangalia.

"Chama chenyewe kinanunua gari sasa. Gari kubwa, ya baridi, ya kubeba maziwa ya wote. Watu watatu wanaenda Nairobi kuchagua. Niliomba niwe mmoja. Wameniambia nikae, eti mimi na magari tunajuana." Hapo ndipo sauti yake ilipotetemeka, si kwa machozi. "Msamaha yako sina pahali pa kuiweka, mzee. Kama unataka kusema, nenda sema pale uliposema ile ingine. Wanakutana Alhamisi."

Siku tatu nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kutonirahisishia. Nilimkasirikia yule kijana kwa kumwambia yeye na si chama, ingawa najua kwa nini hakuthubutu: nilikuwa nimeshamfundisha mbele ya watu thamani ya maneno yake. Nililikasirikia hata lile gari. Alhamisi asubuhi nilivaa koti nikaenda.

Ua ulikuwa ule ule, ila wamejenga paa. Mwenyekiti wao sasa ni mwanamke aliyekuwa msichana siku zile, mwenye sauti ya kukata. Aliniruhusu niseme. Nilisema yote, kwa mpangilio: kifuniko nilichotupa, karatasi niliyoidharau, boksi lililokaa kwenye rafu, gari la mkubwa wa kaunti, valvu, na wiki moja ya kazi niliyoiita kifo. Nikasema injini ile haikuwa mbovu. Ilikuwa injini yenye masharti yake, na mwenye gari aliyajua masharti hayo kuliko fundi.

Mwanamke mmoja mkongwe, ambaye maziwa yake yalichacha siku ile, aliuliza, "Ulijua hivyo ukiwa umekaa hapa unakunywa chai yetu?"

"Nilijua."

Alisema kitu kwa Kiborana ambacho hakuna aliyenitafsiria, na wachache wakacheka bila furaha. Kisha wakabishana wao kwa wao kwa muda mrefu, kana kwamba sikuwapo. Yule mama alikaa nyuma, mikono mapajani. Mwishowe mwenyekiti akamwashiria kwa kidole.

"Wewe utaenda Nairobi. Wenzako wawili watafuata, lakini kuangalia injini ni wewe."

Akanigeukia. "Na wewe, hiyo gari ikija, haitapita kwa mlango wako, wala wa mtoto wako, wala wa fundi yeyote aliyetikisa kichwa hapa."

Nilijibu kwamba hiyo ni haki.

"Sikukuuliza," akasema, na akaita ajenda iliyofuata.