Mkeka wa Tabea Sumari

Ukienda kwa Tabea Sumari hapa Akeri ukitegemea dawa, utarudi mikono mitupu. Hana mizizi, hana hirizi, na wala hakutazami usoni. Anakupa ungo wa buni uchague mbovu, naye anaketi ubavuni kwako akichagua za kwake. Watu wanatoka mbali, hata Oldonyo Sambu, kuja kumchambulia kahawa bure, ndivyo tunavyomtania. Lakini hatumtanii sana, maana wengi wetu tumeshaketi pale.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Alichofundishwa ni udresa, kuuguza na kufunga vidonda, kwenye hospitali ya misheni, na aliupenda mno: gauni jeupe, kipimajoto, wagonjwa wamelala kwa mstari. Kisha mdogo wake, Eliamini, akarudi kutoka vitani Bama, alikopelekwa na Waingereza, mwaka wa arobaini na sita.

Alirudi na viungo vyake vyote. Ila nyumbani hakuingia. Mama yao, Anyesi, alimpikia machalari ya ndizi na nyama na kumtandikia kitanda. Kijana akamwamkia shikamoo akiwa uani, akaenda kulala zizini na ng'ombe. Kesho yake vivyo hivyo. Miezi ikapita, chakula analetewa nje, mvua inamnyeshea, na ukimvuta mlangoni anatetemeka mwili mzima. Sisi majirani, tusiokosa la kusema, tukasema ni bangi. Wengine wakasema amerogwa.

Mzee wa kanisa, Ephraimu, ndiye aliyekata shauri: Ijumaa lori la kahawa likija, Eliamini afungwe kamba, ashushwe mjini, na kutoka huko asafirishwe hadi hospitali ya wendawazimu. Anyesi alikubali huku analia. Waliowahi kupelekwa huko tuliwajua kwa majina, na hatukuwa tumemwona hata mmoja akirudi.

Tabea alimpigania ndugu yake kidresa. Alimpa kwinini, akampima joto, akasimama mbele yake kumuuliza panauma wapi. Eliamini alimtazama viatu tu. Jumatano Tabea akakata tamaa. Alikuwa amechoka, ana hasira na kila mtu, na buni zimejaa uani hazina wa kuzichagua. Akajitupa mkekani, akampa Eliamini mgongo, akaanza kuchambua huku analaani vita, lori, na kamba ya Ephraimu. Punde akasikia buni zinadondoka kwenye ungo wa pili, nyuma yake. Hakugeuka.

"Dada," Eliamini akasema, "kule niliua mtu. Sijaoshwa. Nitaingiaje kwa mama?"

Tabea aliniambia kwamba aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Zamani mtu aliyerudi na damu ya mtu hakuvuka mlango mpaka aoshwe mikono nje, na hilo halikuwa siri kwa yeyote hapa mlimani Meru. Lakini nyumba ya Anyesi ilikuwa ya Kikristo, na Anyesi mwenyewe aliwachapa watoto kwa kutaja mambo ya namna hiyo. Kijana aliyepata kipaimara angeanzaje kuomba aoshwe? Mama naye hakuliruhusu wazo hilo limpitie kichwani. Kila mmoja akamficha mwenzake ushenzi, na Eliamini akaendelea kulala na ng'ombe.

Tabea alimwomba ruhusa ya kumwambia mama. Eliamini akakubali.

Anyesi alisikiliza akiwa jikoni, mwiko mkononi. Hakuuliza kanisa litasema nini. Akamimina maji ya moto kwenye karai, akayapooza, akatoka nayo, akapiga magoti nje ya mlango wake mwenyewe. Akamwosha mwanawe mikono hadi viwikoni, polepole, kama alivyomwosha utotoni. Alipomaliza hakuiachia mikono hiyo.

"Kumbe ulikuwa unanisubiri mimi," akasema, "nami nakuletea chakula nje. Ingia, mwanangu."

Akaingia.

Udresa Tabea aliuacha mwaka uliofuata, watu wenye mambo yasiyosemeka nyumbani walipozidi kuja mkekani. Eliamini hajapona kila kitu; mpaka leo hataki mlango ufungwe akilala, na Anyesi anauacha wazi hata baridi ya Meru inapouma. Lakini Ijumaa ile lori lilikuja kama ilivyopangwa, na Eliamini ndiye aliyepakia magunia. Kamba ya Ephraimu wakafungia mzigo.