Birika la Shaba Kituoni Gulwe

Harufu ya moshi wa gari moshi iliyochanganyika na vumbi la Gulwe naikumbuka mwenyewe. Kwamba kijana mfanya mazingaombwe aliyetufikia siku moja alikuwa amefukuzwa dukani kwa baba yake, Mhindi wa Dodoma mjini, hilo nililisikia tu, wala silithibitishi. Akili ya kuambiwa huchanganywa na ya mtu mwenyewe. Ulikuwa utawala wa Mwingereza, mwaka ambao uwele ulikauka ukiwa bado na urefu wa kidole, na sisi watoto tulikuwa tumeacha hata kulia.

Alasiri ile, nyuma ya kituo, kijana yule alitoa vitambaa masikioni mwa watu, akameza uzi, akatema sindano. Hakuna aliyecheka. Macho yote yalikuwa kwenye birika lake la shaba, ambalo kila alipolimimina hadi tone la mwisho, baada ya kitambo lilitoa maji tena. Kabla hajafikia mchezo wa mwisho, bibi yangu, aliyenilea, alipita mbele akimvuta mbuzi mweusi, wa mwisho zizini mwetu. Kwetu mvua huombwa kwa mnyama mweusi.

"Mjukuu wangu," alimwambia kijana, "ukimaliza kwa mchezo wa maji, huyu ni wako. Ila uyaite yafike na shambani."

"Muulize kama ana na uwele humo," alisema kibarua mmoja wa reli. Mkewe akamwambia anyamaze.

Kijana alimtazama mbuzi. Angeweza kumimina, akampokea, akaondoka na gari moshi la jioni. Badala yake aliliinua birika, akatuonyesha kitundu kidogo kando ya mpini.

"Bibi, siyaiti. Nimeyaficha humu, kwenye ukuta wa pili. Nikiziba hapa kwa kidole, hayatoki. Nikiachia, yanatoka."

Watu wakaanza kuondoka kama watokao mazikoni. Bibi hakuondoka. Alitoa kibuyu chake.

"Kumbe yapo," alisema. "Mimina."

Kijana akaachia kidole.

Hadi leo, wakati wajukuu zangu wa Area D, Dodoma mjini, wanafungua bomba bila hata kulitazama, wapo wanaosimulia kwamba usiku ule mvua ilinyesha Gulwe nzima. Mimi sikuiona wala sikuisikia. Nilichokiona ni bibi akikiinamisha kibuyu, na mbuzi wetu akinywa.