Makapi ya Ulezi Darini kwa Mwinjuma

Adela alikuwa mshona magodoro wa Milanzi, na kama uliwahi kulala Sumbawanga miaka ile ukaamka bila mgongo kukuuma, huenda ulilalia kazi ya mikono yake. Wenye nacho aliwashonea magodoro ya pamba. Sisi wengine alitushonea ya maganda ya mahindi, aliyoyachana membamba na kuyaanika mpaka yaache kelele mtu akijigeuza. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye sindano ndefu na kinyongo kirefu zaidi. Hicho kinyongo ndicho ninachotaka kukusimulia, na usiniambie kinyongo ni dhambi kabla hujanisikia mpaka mwisho.

Alikuwa na binti mmoja, Marsiana. Mwaka ule watu walipohamia vijiji vipya, wao walitoka mashambani kwao upande wa Kate wakaenda kuanza upya kwenye vibanda vya nyasi, na mvua imeshaanza. Baridi ya Ufipa haina mzaha na mtoto mdogo. Marsiana akashikwa na kichomi, akafa. Mume wa Adela akavuka mpaka kwenda Zambia kutafuta kazi, akapotelea huko, na huyo wala hakumlilia. Alimlilia binti. Akamtungia wimbo kwa Kifipa, wa kubembeleza, kila ubeti ukiishia na jina lake: mahindi yamelala, upepo umelala, lala nawe Marsiana.

Baadaye alihamia mjini, akapanga chumba Milanzi, akawa anauimba wimbo huo huku akishona. Picha ya mtoto hakuwa nayo. Nguo yake njema ilizikwa naye. Alichobaki nacho ni huo wimbo tu.

Sasa njoo kwa Mwinjuma. Huyu alikuwa na duka la vitambaa pale mjini na lori la kwenda Kasanga ziwani, na zama zile mtu mwenye sabuni dukani alikuwa kama serikali ndogo. Mdomo wake ulikuwa wa asali. Muziki aliupenda kupita kiasi, akawa na kibendi chake cha vijana, na huko Zambia alijipatia mashine ya kurekodia, ile ya mikanda mikubwa inayozunguka, akaiunganisha na betri ya lori. Siku alipokuja na lori lake, na mashine ndani, kuchukua godoro, alimkuta Adela anaimba.

"Endelea, Mama Marsiana, endelea," akasema. "Nataka kujaribu mashine tu."

Adela akaona ni mchezo, akaimba. Mwinjuma akarudisha mkanda nyuma, na Adela akasikia jina la mwanawe likitoka ndani ya sanduku, safi kabisa, kama mtu anaitwa kutoka chumba cha pili. Akaziba mdomo kwa khanga, akalia kwa furaha. Alimshukuru Mwinjuma! Alimshukuru kwa mikono miwili, maskini wa Mungu.

Haikupita hata misimu miwili. Adela alikuwa kwenye foleni ya sukari duka la ushirika, redio ya muuzaji ikapiga muziki. Magitaa, ngoma, vijana wanaitikia. Maneno ya Kiswahili, lakini wimbo ni ule ule, na ubeti ukafika mwisho: lala nawe Hamisa. Hamisa! Hamisa alikuwa mke mpya wa Mwinjuma, hata mwaka hajamaliza ndani. Mtangazaji akasema mtunzi ni Mwinjuma wa Sumbawanga, na foleni nzima ikapiga makofi kwa sababu mji wao umetajwa redioni. Adela akatoka kwenye foleni, sukari asinunue.

Alikwenda moja kwa moja dukani, watu wamejaa. "Bwana Mwinjuma," akasema, "umemtoa mwanangu kwenye wimbo wake."

Mwinjuma akatabasamu. "Ah, Mama Marsiana! Wimbo wa Kifipa si wa Wafipa wote? Huu ni wakati wa Ujamaa, mama. Cha mmoja ni cha wote. Au umeanza ubepari?"

Duka zima likaangua kicheko. Hebu niambie: mtu mwenye lori peke yake, ambaye hajawahi kubebea kijiji chochote hata gunia moja la bure, anamwita bepari mwanamke mwenye sindano! Na hiyo "Mama Marsiana" anaitamka vizuri kabisa, kwa ulimi ule ule. Adela akawapa mgongo. Alirudi Milanzi akaendelea kushona, lakini tangu siku hiyo kila akichoma sindano alikuwa anamchoma mtu. Alitaka mambo mawili. Jina la mwanawe lirudi kwenye wimbo, na Mwinjuma akione cha mtema kuni. Kama angelazimika kuchagua moja, hakuwahi kujiuliza angechagua lipi.

Nafasi ilikuja mwaka ule chama kipya kilipozaliwa. Habari zilienea kwamba mtu wa redio atazunguka mikoani na mashine yake kurekodi bendi, na akifika Sumbawanga atafikia kwa Mwinjuma. Basi Mwinjuma akageuza chumba cha nyuma kuwa studio. Akaziba madirisha kwa mablanketi mpaka chumba kikawa giza mchana kutwa. Lakini dari lilimshinda. Ukiimba, sauti inapanda, inagonga mbao, inarudi kukupiga kichwani. Huko Ndola, Zambia, alikuwa ameona dari lililopigiliwa vibao vya kumeza sauti, fremu za mbao zilizojazwa kitu laini na kufunikwa gunia. Akamwita Ignasi seremala atengeneze fremu. Na nani wa kujaza na kushona gunia? Mjini kote mshonaji ni mmoja. Mkavu wa macho yule akamwita Adela, kana kwamba hakuna lililopita.

"Nitakuja," Adela akasema.

"Pamba imeadimika," Mwinjuma akamwambia, "na mwaka huu sitaki kuhangaika. Jaza makapi ya ulezi. Watu ndiyo kwanza wamemaliza kupura, yamejaa viwanjani, hata hayana mwenyewe."

Hapo ndipo alipojimaliza. Mwinjuma alizaliwa mjini, dukani. Ulezi aliujua ukiwa uji kwenye kikombe. Mtoto yeyote wa Kifipa anajua kwamba makapi ya ulezi hayaingii ndani ya nyumba mpaka yapepetwe, yarudiwe kupepetwa, kisha yafukizwe moshi, maana punje za ulezi ni ndogo na hujificha humo kwa maelfu. Na panya wa Ufipa, kwa ulezi, atatoboa hata ukuta wa matofali. Ignasi alifungua kinywa kutaka kusema.

"Makapi niachie mimi," Adela akamkata. "Wewe shughulika na mbao zako."

Akaenda viwanjani akachagua yale machafu kabisa, ya chini, yaliyofagiliwa na punje zake. Hakupepeta. Hakufukiza. Nyumbani akakaanga pumba kwa mawese yaliyotoka ziwani, na katikati ya kila fremu akaweka kiganja kimoja, kwa upendo, kama mtu anayemwandalia mgeni wake chakula. Kisha akashona gunia juu yake, mshono mzuri, wa karibu karibu. Kazi yake ilikuwa safi kila mahali isipokuwa ndani.

Siku ya kupigilia, Ignasi alisimama juu ya meza akiinua fremu kwa mikono na kuitegemeza kwa kichwa, na Adela juu ya ngazi, misumari mdomoni, akipiga nyundo. Chini ya kichwa cha kila msumari waliweka kizibo cha soda kilichobondwa, ili gunia lisichanike. Mwinjuma alisimama chini akiamuru.

"Msiibane na dari! Itengeni kwa vipande vya mbao, muache nafasi nyuma yake, kiasi cha mkono kupita. Sauti inataka mahali pa kwenda kufia. Ndivyo wanavyofanya Ndola."

"Tutaacha," Adela akasema na misumari yake mdomoni. Akawaachia panya barabara nzima, kutoka ukuta hadi ukuta, kwa amri ya mwenye nyumba.

Fremu moja ilipoinama, punje zikamwagika kwenye nywele za Ignasi. Akazipangusa, akazitazama kiganjani. "Dada Adela, hii ina ulezi."

"Shika ubao, Ignasi."

Ignasi akashika ubao. Naye alikuwa kwenye duka lile siku ya kicheko, na yeye hakucheka.

Walipomaliza nusu ya dari Mwinjuma akapiga makofi kujaribu. Pa! Pa! "Mmesikia? Inameza! Inameza kabisa!" Furaha ikampanda, akaanza kuimba, ameinua uso juu kuelekea ngazi: lala nawe Hamisa. Adela akapiga nyundo mpaka kizibo kikazama kwenye mbao.

"Dada, unapigilia au unaua?" Ignasi akanong'ona.

"Vyote."

Basi, makaribisho yalipokelewa. Chumba chenye giza mchana na usiku, kimefungwa kufuli kumsubiri mgeni, chakula darini, njia imeandaliwa: panya gani angekataa? Mtu wa redio alipofika, wakati wa baridi bado, walikuwa wameshazaa na kujukuu. Mwinjuma alichinja mbuzi, akaalika wakubwa wa mji na majirani. Wanawake wa Milanzi walijaa uani, na Adela katikati yao, kwenye kigoda alichokuja nacho mwenyewe. Hakutaka kukosa hata neno.

Vijana wakaingia studio pamoja na Hamisa, ambaye angeitikia. Mtu wa redio, kijana mpole mwenye miwani, akawasha mashine. Magitaa yakaanza. Ghafla juu: kwaru, kwaru, kwaru. Mashine ikazimwa. Wakaanza tena. Kwaru, kisha mbio ndefu kutoka pembe hii mpaka ile, na vilio vya kugombana. Mwinjuma, jasho linamtoka, akachukua fagio akatwanga dari kwa mpini. Lo! Gunia lililokwisha kutafunwa likapasuka, makapi yakamwagika kama mvua, na panya mmoja mnene akaangukia begani kwa Hamisa. Hamisa alitoka nje akipiga kelele, vijana nyuma yake, wakubwa wa mji nyuma ya vijana, na Mwinjuma wa mwisho, mweupe kwa vumbi la ulezi. Ua mzima ulicheka. Safari hii kicheko kilikuwa cha Adela, akakinywa chote.

Akasimama. "Panya ni wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyewaweka." Na akaeleza yote, mbele ya mtu wa redio: mkanda, foleni ya sukari, jina lililobadilishwa, kicheko cha dukani. Wanawake wa Milanzi wakaitikia kwamba ni kweli, wimbo ni wa Adela, walimsikia akiuimba kabla Mwinjuma hajamwoa Hamisa. Hamisa akatazama chini. "Mama, sikujua," akasema.

"Sasa umejua."

Mtu wa redio akavua miwani yake akaifuta. "Bwana Mwinjuma, naweza kurekodi hata hapa uani. Lakini wimbo wenye mwenyewe siuchukui mpaka mwenyewe akubali. Mama, unasemaje?"

Kila mtu akamgeukia Adela. "Nitakubali," akasema, "akiimba yeye mwenyewe. Sasa hivi, mashine ikisikia. Na aimbe kwa jina la mwanangu."

Mwinjuma akawatazama wakubwa wa mji, wakubwa wakatazama mbuzi. Akaimba, sauti imekauka kwa vumbi, mahindi yamelala, upepo umelala, na alipofika mwisho akasema lala nawe Marsiana. Akaimba beti zote. Wanawake wawili watatu walishika khanga zao machoni.

"Vizuri sana," mtu wa redio akasema kwa upole. "Huu ndio nitakaoupeleka, nao utatangazwa kwa jina lako, mama, na la mtoto. Umekubali?"

Adela akamtazama Mwinjuma. Akaona uso wake umeanza kutulia, akaona tumaini limeanza kurudi machoni, kwamba hata hivi atasikika redioni, nchi nzima. Damu ikamchemka upya.

"Sikubali," akasema.

"Ulisema utakubali!" Mwinjuma akapayuka.

"Na wewe ulisema unajaribu mashine."

Mtu wa redio akajaribu kumbembeleza. Mikanda ni adimu, akasema, hawezi kuuweka huu bure, mji unaofuata atarekodi bendi nyingine juu yake, na sauti hii itafutika. Afikirie vizuri. Adela akasema ameshafikiri. Akabeba kigoda chake akaondoka, kichwa juu, na nakwambia usiku ule alilala usingizi mzito ambao hakuwa ameulala tangu Kate. Mwinjuma alibomoa dari lake mwenyewe na kuyachoma yale makapi uani, na mwaka mzima watu wa mji walimwita Bwana Panya hadi msikitini. Adela aliyasikia hayo kila siku na kila siku yalimshibisha.

Redio nayo iliendelea kupiga wimbo iliokuwa nao. Ulikuwa unapendwa. Ulipigwa harusini, ulipigwa kwenye maombi ya salamu, watoto wa Milanzi wakaruka nao kamba.

Siku moja ya jua Adela alikuwa mlangoni pake, anashona godoro la pamba la watu wa Kasanga, kazi nzuri, mkono umekolea, na kama kawaida yake anaimba chini chini bila kuwaza. Mahindi yamelala, akaimba, upepo umelala. Akavuta uzi. Lala nawe Hamisa.

Sindano ikasimama. Alitazama kulia na kushoto kama kuna aliyesikia, na hakukuwa na mtu. Akafungua kinywa aseme jina la mwanawe, akalisema, likatoka, lakini halikukaa kwenye wimbo. Akarudia tangu mwanzo, polepole, na ulimi ukafika mwisho wa ubeti ukataka kwenda kule kule. Alikaa mlangoni hapo mpaka jua likahama, akiimba ubeti ule ule mmoja, analilazimisha jina liingie.