Mgomba Kaburini kwa Kaka Yangu

Mimi si mtu wa kutulia. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya Giheta, naishi Gitega mjini, na wanafunzi wangu wanasema nimechimba njia sakafuni kwa kutembea mbele ya ubao. Lakini mwaka ule kijiji chetu kule Butihinda, mkoani Muyinga, kilipoanza kujenga mnara wa askari wake waliokufa, nilizidi. Naweka maharage jikoni, natoka, narudi, nakuta yameungua. Jirani yangu, mama wa Kikongo anayeuza vitenge sokoni, alinitazama siku moja nikizunguka uani mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Dada, we iko na nini? Unatembea-tembea tu sawa mtu mwenye alipoteza funguo."

"Ni kaka yangu," nikamwambia.

"Yule mwenye alikufaka?"

"Huyo huyo. Bado hajamaliza kufa."

Kaka yangu alikuwa askari. Sisi sote tulikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na tuliporudi Burundi vijana wenzake walishika jembe. Yeye alisema jembe halina sare, akaenda jeshini. Baadaye alipelekwa Somalia kulinda amani, akauawa huko, na mwili wake haukurudi. Ulirudi mkoba wake tu, una shati, kandambili na redio ndogo. Alikuwa hajaoa. Hakuacha mtoto.

Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana anazikiwa mgomba. Linakatwa shina, linaviringishwa kwenye mkeka, linalazwa kaburini, watu wanalia na kulifukia kama wanavyomfukia mtu. Vijana waliotumwa kuuleta mgomba ule walikuwa wenzetu wa kambini, waliokulia kwenye unga wa mgao. Mgomba waliujua kwa kula ndizi zake. Badala ya kukata shina, waliung'oa mzima, pamoja na tunguu lake la chini na mizizi yake, wakaufunga vizuri kabisa. Hakuna aliyekagua. Nani anakagua maiti? Tukazika, tukaenda kunawa mikono.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kaburi likachipua.

Natamani kusema kwamba tulicheka. Baba mdogo, ambaye alikuwa mtu mzima tayari tulipokimbilia Tanzania na migomba anaijua, alijishika kichwa. "Mmepanda, hamkuzika!" alifoka, akainama kuling'oa lile chipukizi. Mama akasimama mbele yake na jembe mkononi.

"Mwanangu ametoa majani, we unataka kumng'oa? Mguse tuone."

Hakuna aliyemgusa. Na kuganduka nako kukasimama. Kuganduka ndiyo siku yetu ya kuanua matanga: ukoo unakutana, pombe inanywewa, mwenye neno analisema, na nyumba inaruhusiwa kuishi tena. Kabla ya siku hiyo hakuna harusi katika nyumba ile. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameshachumbiwa. Wakwe walishaleta pombe yao, wakawa wanangoja, na ngojangoja yao ilikuwa imeanza kugeuka manung'uniko. Kila nikimpigia simu, mdogo wangu hataji harusi. Ananiuliza tu, "Dada, utakuja lini uongee na mama?"

Basi nikawa mtu wa njiani, Gitega na Muyinga, Muyinga na Gitega. Nafika, naongea, nakasirika, narudi. Wakati huo mnara ulikuwa unapanda Jumamosi kwa Jumamosi, siku za kazi za pamoja, kwa matofali ya kuchoma na mawe ya kutoka mtoni. Wazee waliweka sharti: jina la askari haliandikwi mpaka mama yake au mke wake aje mwenyewe alitamke mbele ya fundi. Wanawake wa jirani walikuja mmoja mmoja wakatamka. Mama yangu hakukosa kazi. Alibeba mawe ya msingi kichwani, alichota maji ya kuchanganyia saruji, lakini alipoulizwa jina alijipangusa mikono akaenda zake.

"Mama, mawe unabeba, jina unaficha?"

"Mawe ni ya kijiji. Jina ni langu."

Nilimpenda na nilikuwa nimemchoka, vyote kwa pamoja. Mgomba nao nilikuwa nimeuchoka. Ulinawiri kwa kiburi nyuma ya nyumba, na upepo ukipita majani yake yalipapatika mpaka nashindwa kula. Nilikuwa nikihamisha kiti upande wa pili, halafu najikuta nimekirudisha ili niutazame.

Likizo iliyofuata nilishuka Muyinga mjini nikanunua panga jipya. Nilijua ninachokwenda kufanya. Nitaukata, mama atanichukia, mdogo wetu ataolewa. Nilipanda pikipiki panga likiwa kwapani, limefungwa gazeti. Dereva akaniuliza kama naenda kulima, nikamwambia ndiyo.

Nyumbani nilikuta kimya, mama hayupo. Nilipitiliza mpaka nyuma, gazeti nikalitupa. Nikasimama.

Mgomba ulikuwa na mkungu. Mkungu mkubwa, mzito, umeinamisha shina zima, na mtu alikuwa ameuegemeza kwa mti wenye panda ili usianguke. Kando yake machipukizi mengine yalikuwa yameanza kusukuma udongo. Nilinyanyua panga, nikalishusha. Mgomba mtupu ningeukata bila kupepesa macho, lakini hata mtu wa kambini anajua mkungu haukatwi mchanga.

Mama alinikuta pale pale. Alikuwa ametoka mnarani, ana vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Aliliangalia panga, akaniangalia mimi.

"Umeleta panga," alisema. "Vizuri. Langu limekuwa butu."

Akapita mbele yangu, akabonyeza ndizi moja kwa kidole gumba. "Bado kidogo."

Nilianza kulia kwa hasira. Nikamwambia huyu si kaka, ni makosa ya wavulana wasiojua migomba, na binti yake anazeeka akingoja makosa hayo.

"We unafikiri sijui?" aliuliza. "Mi nimezaliwa ndani ya migomba, kambi nimeikuta ukubwani. Siku ile ile ya kuzika nililiona tunguu likichungulia mwishoni mwa mkeka."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Nikasema, huyu mtoto ameondoka bila kuzaa. Wacha azae kwanza, ndipo nimwache aende."

"Na mdogo wetu?"

"Amengoja. Na mi nimengoja. We peke yako ndiye hujui kungoja." Alinifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifuta makamasi kambini.

Ndizi zilipokomaa alinipa mimi kazi ya kukata. Panga lilipita shinani kwa urahisi ulioniumiza. Tulizivundika, zikaiva, zikakamuliwa, na pombe ilipokuwa tayari mama alivaa kitenge kizuri akaenda kwa fundi. Alilitamka jina lote, la Kirundi na la ubatizo, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia aje kula. Fundi akaligonga kwenye jiwe chini ya majina ya wenzake. Mama alipitisha kidole kwenye kila herufi, na hasomi, halafu akasema twendeni nyumbani, watu wanatungoja.

Ukoo ulikuwa umejaa uani. Mdogo wetu alikuwa akihudumia wageni, na wakwe zake walikuwa wamekaa mbele kabisa, wametulia. Mimi nilikuwa na shughuli nyingi za uongo: napanga viti vilivyokwisha kupangwa, naangalia mlango, nahesabu vikombe vya watu. Baba mdogo akaanza kusema neno la ukoo, mama akamkatiza. Alichota kikombe cha kwanza akaniletea mwenyewe.

"Kunywa. Ndio uzao wa kaka yako."

Nilinywa nimesimama, mguu mmoja umeshaelekea jikoni.

"Kaa," akasema mama.

Nikakaa.